Kamera ya Shambani Haifunguki Ukiwa Mbali: Mwongozo Kamili kwa Wanaotumia Laini ya Simu

Simu ililia saa mbili asubuhi, chai bado iko jikoni. "Fundi, nilinunua kamera ama nilinunua mapambo ya ukuta?" Alikuwa mama mmoja wa Njoro. Wiki moja kabla nilikuwa nimemfungia kamera nne na rekoda kwenye zizi la ng'ombe wake wa maziwa. Akiwa shambani, picha safi hadi unahesabu nzi. Akifika mjini Nakuru, skrini nyeusi.

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimefungua poti, yaani mlango wenye namba, kwenye ruta, nikasajili na jina la DDNS la kuitafuta ruta hiyo kwenye intaneti, nikajaribu nikiwa nimeketi palepale kwenye Wi-Fi ya shamba, nikaona picha, nikapokea pesa yangu nikapanda matatu. Sikujiuliza intaneti ile inatoka wapi. Ilikuwa inatoka kwenye ruta ya 4G yenye kadi ya simu, na huko mwenye ruta siye mwenye mlango.

Ikiwa uko Molo, Ahero, Kimilili au popote ambapo intaneti ya waya haijafika, na unataka kuona kamera, kuwasha pampu au kuingia kwenye kompyuta ya duka ukiwa mbali, fuata hatua hizi kwa mpangilio. Ukiruka ya kwanza utarudi kwayo tu.

Daftari la mwalimu mkuu

Waliokulia kijijini wanakumbuka S.L.P. ya shule ya msingi. Kijiji kizima kilitumia sanduku moja. Barua ya kutoka haikuwa na taabu: unaandika, unampa mwalimu, inaenda. Ya kurudi nayo hufika kwa sababu mwalimu anakumbuka nani aliandikia nani. Lakini barua ya mtu asiyejulikana, iliyoandikwa sanduku la shule tu bila jina la mwenyewe, ilibaki kwenye dirisha la ofisi hadi ikapauka.

Laini ya simu inafanya kazi hivyo. Anwani za IP za mtindo wa zamani, IPv4, ni takriban bilioni 4.3 kwa dunia nzima, na hazina kuu ya dunia iligawa mafungu ya mwisho Februari 2011. Kampuni ya simu yenye mamilioni ya wateja haina anwani ya kumpa kila mmoja. Kwa hiyo inawapa wateja anwani za ndani, kisha inawatoa wengi nje kupitia anwani moja ya umma. Kila mazungumzo yanapewa namba ya poti na kuandikwa kwenye daftari: mteja fulani, poti fulani, anazungumza na seva fulani. Kazi hii inaitwa NAT. Ikifanywa na kampuni kwa wateja wake wote inaitwa CGNAT.

Kuna mambo mawili kuhusu daftari hilo ambayo yatakusaidia hadi mwisho wa kazi. Mstari unaandikwa tu pale kifaa cha ndani kinapoanza kuzungumza. Mtu wa nje akianza yeye, hakuna mstari, na ujumbe wake unatupwa. Pili, mstari ukikaa kimya unafutwa. Kwa mazungumzo ya UDP hilo linaweza kutokea ndani ya nusu dakika au dakika chache.

Sasa angalia nilichokuwa nimefanya Njoro. Nilifungua mlango wa nyumba ya mama, lakini geti la kijiji lilibaki limefungwa, na ufunguo wake hauko kwangu wala kwake.

Hatua ya kwanza: hakikisha kweli uko nyuma ya CGNAT

Ingia kwenye ukurasa wa ruta ukiwa umeunganishwa nayo. Ruta nyingi ndogo za kadi ya simu hufunguka kwa 192.168.8.1, 192.168.0.1 au 192.168.1.1, kibandiko cha chini kinasema. Tafuta sehemu ya hali ya mtandao, usome anwani ya IP ya upande wa WAN, yaani upande wa nje unaoelekea kwa kampuni. Iandike kwenye karatasi.

Kisha, ukitumia intaneti hiyohiyo, fungua tovuti yoyote inayoonyesha anwani yako ya IP. Zima VPN yoyote kwenye simu kwanza, na uhakikishe simu haijarukia data yake yenyewe. Nimeona fundi akibishana na ruta saa nzima huku simu yake ikisoma anwani ya laini yake ya mfukoni.

Zikilingana, una anwani ya umma. Zikitofautiana, kuna mtu anatafsiri anwani kati yako na dunia. Anwani ya WAN pekee pia hukwambia mengi. Ikianza na 10, ni ya ndani. Kuanzia 172.16 hadi 172.31, ni ya ndani. 192.168, ya ndani. Na kuanzia 100.64 hadi 100.127, hilo ni fungu lililotengwa mwaka 2012 hasa kwa ajili ya CGNAT. Usikimbilie kuhukumu kwa tarakimu ya kwanza peke yake: 100.20 na 172.40 haziko kwenye mafungu hayo.

Kwa mama, ruta ilisema 10 nukta kadha wa kadha. Tovuti ilisema namba tofauti kabisa. Dakika tatu tu, ambazo ningezitumia siku ya kwanza nisingepigiwa simu.

Tahadhari moja: hata ukiwa na anwani ya umma, kampuni inaweza kuwa inazuia maunganisho yanayoanzia nje. Zikilingana na bado hakuna kinachoingia, endelea kama mtu wa CGNAT.

Mambo ya kuacha

Kufungua poti, au mipangilio ya DMZ na UPnP inayofungua milango kwa jumla au yenyewe: vyote vinagusa ruta yako tu. DDNS inafanya jina lifuate anwani inayobadilika, lakini jina likifuata anwani ya watu elfu moja halikufikishi kwa mmoja wao. Kubadilisha ruta ya bei ndogo kwa ya bei kubwa hakusaidii. Kuhamia kampuni nyingine ya simu mara nyingi kunakupeleka kwenye daftari lingine la aina ileile.

Unachoweza kufanya

Dawa zote zinazofanya kazi zina mzizi mmoja: kifaa cha shambani kitoke chenyewe, kikutane nawe mahali palipo wazi, na kisinyamaze. Zinatofautiana tu ni nani mwenye mahali hapo pa kukutania.

Nyepesi kuliko zote ni huduma ya mtengenezaji wa kamera, ile wanayoiita P2P au wingu. Kwenye rekoda ya Hikvision ni Hik-Connect. Ya Dahua ni DMSS. Washa huduma hiyo kwenye menyu ya mtandao ya rekoda, ngoja hali isome iko mtandaoni, kisha skani msimbo wa QR kwa programu ya simu. Rekoda inaipigia seva ya kampuni, simu yako nayo inaipigia hiyohiyo, seva inajaribu kuwaunganisha moja kwa moja, na ikishindwa inapitisha picha yenyewe. Kwa nyumba na zizi, nafikiri hii inatosha, na fundi anayekuuzia kitu kizito zaidi akueleze kwa nini. Udhaifu wake ni kwamba unategemea seva ya wenyewe, na inakupa kamera tu. Pampu, mizani ya maziwa na kompyuta ya ofisini hazimo.

Ukitaka shamba zima, nenda kwenye VPN inayounganisha vifaa vyako kama viko nyumba moja. Tailscale na ZeroTier ndizo rahisi. Nitaeleza Tailscale kwa kuwa ndiyo ninayoitumia zaidi. Ina mpango wa bure kwa matumizi binafsi.

Kabla ya kusakinisha chochote, badilisha anwani za shamba. Hili nimeliweka mbele kwa makusudi, maana ndilo lililonipotezea Jumamosi nzima. Ruta ya shamba ilikuwa inagawa 192.168.8, na ruta ya nyumba ya binti wa yule mama mjini ni ya aina ileile, inagawa 192.168.8 pia. Simu ya binti ikiambiwa itafute 192.168.8.20 inaitafuta sebuleni kwake, haioni sababu ya kwenda Njoro. Chagua kitu kisicho cha kawaida, mfano 192.168.77.1 kwa ruta ya shamba, halafu zipe rekoda na vifaa vingine anwani za kudumu ndani ya fungu hilo.

Sasa weka kompyuta ndogo shambani: Raspberry Pi, laptopu kuukuu yenye Linux, chochote kinachoweza kukaa kimewaka. Sakinisha Tailscale, ruhusu mashine ipitishe pakiti za wengine, kisha itangaze kuwa inajua njia ya shamba:

echo 'net.ipv4.ip_forward = 1' | sudo tee /etc/sysctl.d/99-shamba.conf
sudo sysctl -p /etc/sysctl.d/99-shamba.conf
sudo tailscale up --advertise-routes=192.168.77.0/24

Itakupa kiungo cha kuingia kwenye akaunti. Ukishaingia, fungua ukurasa wa usimamizi, tafuta mashine hiyo, idhinisha njia uliyotangaza. Bila idhini hiyo njia haitumiki hata amri ikiwa sahihi. Ukiwa palepale, zima muda wa kuisha kwa ufunguo wa mashine ya shamba. Kwa kawaida ufunguo unaisha baada ya siku 180, yaani shamba litapotea miezi sita baadaye, wakati umeshasahau hata ulifanya nini.

Sakinisha programu kwenye simu, ingia kwa akaunti ileile, zima Wi-Fi, fungua 192.168.77.20 au anwani yoyote ya rekoda yako. Kwenye Android, itoe Tailscale kwenye orodha ya programu zinazobanwa kuokoa betri, la sivyo simu itaizima kimyakimya.

Picha ikikwamakwama, andika tailscale status kwenye mashine ya shamba. Ukiona neno direct, vifaa vinazungumza vyenyewe. Ukiona relay, vinapitia seva ya kati, na kasi hushuka. Hilo ni la kawaida pande zote mbili zikiwa kwenye laini za simu, kwa sababu NAT za aina hiyo mara nyingi hutoa poti tofauti kwa kila unayezungumza naye, na poti ambayo seva iliiona siyo itakayotumika na simu yako. Haijaharibika. Ni polepole tu. Usishtuke pia kuona Tailscale ikiwapa vifaa vyako anwani za 100 na kitu. Inatumia fungu lilelile la CGNAT, lakini hizo ni zake za ndani.

Kwa anayetaka mahali pake pa kukutania: WireGuard na seva ya kukodi

Ukiwa na wateja kadhaa, au hutaki kutegemea akaunti ya mtu, kodi seva ndogo ya Linux yenye anwani ya umma, uweke WireGuard, programu ya VPN unayoiendesha mwenyewe. RAM ya MB 512 inatosha. Shamba linaipigia seva, simu inaipigia seva, seva inawakutanisha. Kwa kuwa pande zote zinaenda kwenye anwani inayojulikana, hakuna bahati nasibu ya direct na relay.

Tengeneza jozi ya funguo kwa kila upande kwa wg genkey na wg pubkey. Ule wa siri hautoki kwenye kifaa chake. Kwenye seva, faili ya wg0.conf:

[Interface]
Address = 10.77.0.1/24
ListenPort = 51820
PrivateKey = UFUNGUO_WA_SIRI_WA_SEVA

[Peer]
PublicKey = UFUNGUO_WA_WAZI_WA_SHAMBA
AllowedIPs = 10.77.0.2/32, 192.168.77.0/24

[Peer]
PublicKey = UFUNGUO_WA_WAZI_WA_SIMU
AllowedIPs = 10.77.0.3/32

Washa ip_forward kwenye seva kama tulivyofanya juu, na ufungue poti 51820 ya UDP kwenye ukuta wa moto (firewall) wa seva na pia kwenye ukurasa wa kampuni inayokukodisha. Watu wengi hufungua mmoja wakasahau wa pili.

Shambani:

[Interface]
Address = 10.77.0.2/24
PrivateKey = UFUNGUO_WA_SIRI_WA_SHAMBA

[Peer]
PublicKey = UFUNGUO_WA_WAZI_WA_SEVA
Endpoint = ANWANI_YA_SEVA:51820
AllowedIPs = 10.77.0.0/24
PersistentKeepalive = 25

Ya simu inafanana na hiyo: anwani ni 10.77.0.3/32, na kwenye AllowedIPs ongeza 192.168.77.0/24 ili simu ijue shamba linafikiwa kupitia handaki, yaani njia ya siri ambayo WireGuard inaijenga.

Mstari wa mwisho wa faili ya shamba, PersistentKeepalive, ndio roho ya kazi yote. Kila sekunde 25 shamba linatuma pakiti tupu kwenye seva, ili daftari la kampuni ya simu lisifute mstari. Ukiusahau, kila kitu kitafanya kazi unapojaribu na kufa dakika chache baada ya kuondoka. Watu huogopa kwamba itakula bando. Pakiti moja ni baiti 60; kwa siku ni pakiti 3,456, yaani kama KB 207. Ukijumlisha na salamu za kubadilishana funguo, hufiki MB 20 kwa mwezi.

WireGuard ikikaa kwenye ruta yenyewe, iwe MikroTik yenye RouterOS 7 au ruta yenye OpenWrt, kilichobaki ni kuruhusu pakiti zipite kutoka kwenye handaki kwenda upande wa ndani. Ikikaa kwenye Raspberry Pi nyuma ya ruta, kuna mtego. Ombi litafika kwenye rekoda vizuri, lakini jibu la kwenda 10.77.0.3 rekoda italipeleka kwa ruta, na ruta haijui handaki, jibu linapotea. Ongeza kwenye ruta njia inayosema 10.77.0.0/24 iko kwa Raspberry Pi, au kama ruta haina nafasi hiyo, ifanye Raspberry Pi ivalishe pakiti anwani yake yenyewe:

sudo iptables -t nat -A POSTROUTING -s 10.77.0.0/24 -o eth0 -j MASQUERADE

Hakikisha amri hiyo inabaki baada ya mashine kuzimwa na kuwashwa. Tailscale hufanya kazi hii yenyewe, ndiyo maana kule hatukuitaja.

Kutafuta kosa ni kwa wg show. Ukiona latest handshake ya chini ya dakika tatu, handaki liko hai. Tatizo ni njia au ukuta wa moto. Usipoiona kabisa, angalia funguo, poti, kisha saa. Ndiyo, saa. Vifaa vidogo vingi havina betri ya kutunza muda. Stima ikipotea na kurudi, kifaa kinaamka kikidhani ni jana, na seva ya WireGuard inakataa salamu yenye muda wa nyuma kuliko ya mwisho iliyopokea, ikidhani ni mtu anarudia ujumbe wa zamani. Weka kifaa kisahihishe saa kupitia NTP, huduma ya saa ya mtandaoni, kabla ya kuwasha handaki, na NTP hiyo isipitie ndani ya handaki lenyewe. Kurasa zikikwama huku ping inapita, shusha MTU ya handaki, yaani ukubwa wa juu wa pakiti, hadi 1280.

Njia mbili nyingine, kwa ufupi

Unaweza kuomba kampuni anwani ya umma ya kudumu, au APN ya kibiashara, yaani lango maalum la kuingilia mtandao wa kampuni. Kawaida huuzwa kwa laini za biashara na kwa ada yake. Kwa kiwanda cha majani chai au tawi la sacco, omba. Kwa zizi, hapana. IPv6, mtindo mpya wa anwani, nayo ingemaliza hadithi yote hii kwa kuwa ina anwani za kutosha, lakini lazima iwepo pande zote mbili, na mitandao mingi ya simu huzuia maunganisho ya kuingia hata kwenye IPv6. Jaribu, usiitegemee.

Bando, nywila na swichi kuu

Picha ndiyo inayokula, si handaki. Kamera kwenye mkondo mkuu wa Mbps 4 ni GB 1.8 kwa saa. Mkondo mdogo wa kbps 512 ni MB 230 kwa saa. Kuangalia kutoka mbali tumia mkondo mdogo, na rekodi kubwa iachwe ikae kwenye diski shambani. Kumbuka pia kwamba unachotazama ukiwa mbali, shamba linakipakia, na kwenye laini ya simu kupakia huwa dhaifu kuliko kupakua.

Nywila ya kiwandani ibadilishwe siku ya kwanza. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kilikusanya kamera na rekoda kwa maelfu kwa kujaribu nywila za kiwandani tu. CGNAT, pamoja na kero yake yote, ilikuwa inakuficha. Ukishajenga handaki umeingiza njia mpya, kwa hiyo simu iliyoibiwa ifutwe kwenye seva siku hiyohiyo.

Kabla ya kuondoka kwa mteja, zima swichi kuu. Siyo ruta tu, swichi kuu, kama umeme ulivyozoea kutufanyia. Subiri dakika mbili, washa, kisha toka nje ya geti ukiwa na simu yenye laini tofauti na Wi-Fi imezimwa. Nilipofanya hivyo Njoro mara ya pili, mama alisimama nami barabarani, leso begani, akitazama skrini yangu nyeusi bila kusema neno. Dakika ya nne zizi likatokea, na kwenye kona ya picha ndama alikuwa ameingiza kichwa kwenye ndoo ya unga wa maziwa. "Yule!" akasema, akanirudishia simu na kukimbia ndani.